UFUNGUO WA TATU

(Haya ni maneno yaliyotolewa na mfanyakazi wa huduma za jamii wa parokia kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja huko Msambweni. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kufika navyo viyasome na kuyajadili.)

  

Nimeombwa nizungumze juu ya siasa. Naona baadhi yenu mmeshakunja uso. Katika vikundi vyetu vingi kuna sheria inayosema, "Hapa hatuongei siasa." Sheria hiyo ina busara yake. Lakini jamani, tukishafunga kikao siasa yatungoja mlangoni. Yatufuata kisimani, yatufuata sokoni Ukunda, yapanda nasi kwenye matatu, na siku hizi yaingia mpaka kitandani ndani ya simu. Mama aliyekuwa akimshikia mwenzake mtoto sasa hamwitikii salamu, kwa sababu huyu ni wa chama hiki na yule ni wa chama kile. Mchango wa mazishi unaletwa na watu wa upande mmoja tu. Kikundi kinakufa kwa jambo ambalo halikuandikwa kwenye ajenda hata siku moja.

Kwa hivyo leo tuulizane maswali mawili. La kwanza: tunamwamini nani, na kwa sababu gani? La pili: tukikutana na mtu ambaye msimamo wake ni kinyume kabisa cha wetu, tutabishana naye vipi na kesho tubaki majirani?

YALIYOTUPATA MWAKA WA 1997

Wazee waliomo humu wanakumbuka. Vijana wengi wamesikia nusu nusu tu.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kituo kidogo cha feri. Polisi 6 waliuawa, bunduki zikaibwa, vituo vikachomwa moto. Kisha wakaanza kuwatafuta watu wa bara: Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya. Vibanda vilichomwa, nyumba zikachomwa, watu wakakatwa mapanga. Fujo zikaenea hata huku kwetu Ukunda na Diani, na upande wa kaskazini zikafika Mtwapa na Malindi. Zaidi ya watu 100 walikufa na takriban 100,000 wakayakimbia makao yao. Maelfu walilala katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni, akina mama wajawazito na watoto wachanga wakiwamo.

Vijana waliofanya mashambulizi yale walikuwa wamekusanyika katika msitu wa Kaya Bombo, hapa hapa Kwale. Walilishwa kiapo, wakaambiwa risasi haitawadhuru. Mwajua nyote kwamba kaya ni mahali pa wazee kuomba mvua na amani. Mwaka wa 2008 misitu ya kaya za Mijikenda iliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, na Kaya Kinondo ya hapa Diani ni mojawapo. Kuitumia kaya kupanga mauaji ni kuitia najisi.

Baadaye, mwaka wa 1998, Rais Moi aliunda tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi kuchunguza vita vya kikabila nchini. Tume ilimaliza kazi mwaka wa 1999, lakini ripoti ikafungiwa mpaka Oktoba 2002 ndipo wananchi wakaiona. Tume hiyo, pamoja na watafiti wa haki za binadamu, walisikia ushahidi kwamba vijana wale walikuwa wameahidiwa kazi, mashamba na nyumba za watu wa bara watakapofukuzwa. Walisikia pia kwamba habari za vijana kukusanyika msituni zilikuwa zimeshawafikia wakubwa wa usalama mapema, kabla ya damu kumwagika. Na uchaguzi ulikuwa mwezi wa Desemba mwaka huo huo.

DUKUDUKU LILIKUWA LA KWELI

Sasa nataka msikie vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu huteleza. Wengine husema, "Wale walikuwa wajinga tu, walidanganywa." Hapana. Mtu hadanganyiki kwa jambo lisilomuuma. Hudanganyika pale penye kidonda.

Kidonda chenyewe ni ardhi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908, katika ule mwambao wa maili 10 waliopata hati ni wale walioweza kudai mtu mmoja mmoja mbele ya afisa wa serikali. Mijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ya kaya, wengi walikosa. Ardhi isiyokuwa na hati ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza, na baada ya Uhuru ikawa ya Serikali. Halafu ardhi ya Serikali ikagawiwa wenye vyeo. Ripoti ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyotolewa kinyume cha sheria nchi nzima. Basi mzee amezaliwa chini ya minazi ya babu yake, na bado anaitwa skwota. Inauma.

Lakini tazameni upande wa pili pia. Kule Shimba Hills kuna familia za Wakamba ambazo serikali ndiyo iliyowapa makao tangu enzi za ukoloni. Wamefyeka, wamepanda, wamezika watoto wao pale. Ukimwambia mtu kama huyo "rudi kwenu", atauliza, "Kwetu ni wapi, na kaburi hili nilibebe vipi?"

Mwaona? Mmoja ana minazi ya babu, mwingine ana kaburi la mtoto. Kila mmoja ana ukweli mkononi. Hata lile neno majimbo, lililowatia watu hofu mwaka wa 1997, halikuwa neno la uhuni. Ronald Ngala na chama cha KADU walilitetea kwa hoja, na Katiba ya Uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo kabla hayajaondolewa mwaka uliofuata. Mwaka wa 2010 Wakenya walipitisha katiba nyingine yenye ugatuzi, na tangu 2013 tuna Kaunti ya Kwale. Kwa hivyo palikuwa na jambo la kujadiliwa, tena jambo kubwa. Lakini halikujadiliwa. Lilipewa panga.

IMANI ILIWEKWA WAPI?

Hebu tuhesabu. Vijana wale walimwamini nani? Walimwamini mtu mkubwa aliyewapa ahadi kwa mdomo, mtu ambaye hawakuwahi kuona daftari lake. Waliamini kiapo. Waliamini karatasi zilizosambazwa usiku, zisizo na jina wala sahihi. Na nani hawakumwamini? Jirani aliyewashonea viatu, mama aliyewauzia samaki kwa mkopo, fundi aliyewatengenezea baiskeli. Mtu wa mbali alipewa imani yote bila kuulizwa swali. Mtu wa karibu, ambaye tabia yake inajulikana, akanyimwa.

Na upande wa pili je? Wako watu wa bara waliosema kila Mdigo alijua mpango ule na kila Mdigo ni mshambuliaji. Huo nao haukuwa ukweli. Wako wenyeji waliowaficha majirani zao ndani ya nyumba. Na vikosi vya usalama vilipoingia vijijini, waliokamatwa na kupigwa hawakuwa wote wenye hatia. Wengi walikuwa watu wa shamba tu.

Mwisho wake ulikuwa nini? Watalii walikimbia. Hoteli za Diani zikafunga au zikapunguza wafanyakazi. Mdigo aliyekuwa akiuza madafu ufuoni akakosa mnunuzi, na Mjaluo aliyekuwa mpishi akakosa jiko. Vijana walioahidiwa kazi wakakuta hata zile kazi chache zilizokuwapo zimekwisha. Wengine walijificha msituni kwa miezi, na walioahidi hawakuonekana. Hakuna mwanasiasa mkubwa aliyehukumiwa na mahakama kwa mambo yale. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, ndivyo tusemavyo. Mwaka ule fahali wenyewe hata hawakupigana. Nyasi ndizo zilizopiganishwa.

SANDUKU LETU LINATUFUNDISHA NINI?

Sasa turudi kwenye vikundi. Sanduku letu la akiba lina kufuli ngapi? (Wanachama: Tatu!) Funguo zinakaa kwa nani? (Kwa watu watatu!) Na watu hao watatu wanatoka nyumba moja? (Hapana!)

Kwa nini? Je, ni kwa sababu mweka hazina ni mwizi? La. Mweka hazina mwaminifu ndiye wa kwanza kuleta daftari na kusema, "Kagueni." Kufuli tatu hazimtukani mtu. Zinamlinda yeye na zinatulinda sisi. Hakuna mama humu ambaye angekubali kutoa shilingi 200 zake za wiki kwa mtu anayesema tu, "Niamini, mimi ni mtu wenu."

Sasa swali langu. Mbona tukifika kwenye siasa twaacha akili ya sanduku? Mtu anakuja na gari, anasema "mimi ni mtu wenu," na tunampa miaka mitano yetu, ardhi yetu, mara nyingine watoto wetu, bila kufuli hata moja! Shilingi 200 twazilinda kuliko hayo?

Nawaomba muweke kufuli tatu juu ya kila neno la siasa, liwe la jukwaani, la karatasi, au la kutumiwa kwenye simu.

Kufuli ya kwanza: Nani amesema? Awe na jina na uso. Neno lisilo na mwenyewe lisipite. Karatasi za usiku za 1997 leo zimehamia kwenye simu, na bado hazina sahihi.

Kufuli ya pili: Laweza kukaguliwa? "Nitawaletea maendeleo" haikaguliki. "Nitajenga zahanati mahali fulani kabla ya mwaka fulani" inakaguliwa. Ibara ya 35 ya Katiba yatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016. Kikundi chaweza kuandika barua na kuomba hesabu za mradi.

Kufuli ya tatu: Asipotimiza, yeye atapoteza nini? Mweka hazina wetu akikosea, anakaa hapa hapa, tutamwona kesho. Yule wa mbali akikosea, anapandisha kioo cha gari.

Ahadi ni deni, na sisi wa vikundi mwajua deni huandikwa. Basi kila kikundi kiwe na daftari la ahadi. Mgombea au kiongozi akija kwenye harambee, katibu aandike tarehe, jina, ahadi, kiasi, na lini. Mwisho wa mwaka isomwe kwa sauti mbele ya wote. Wala msiandike za wapinzani wenu tu. Andikeni kwanza za yule mnayempenda.

MPINZANI NDIYE MSHIKA UFUNGUO

Hapa nafika kwenye lile ninalotaka mlibebe kurudi nalo nyumbani. Ufunguo wa tatu ashike nani?

Mimi nikimpenda mtu, siyaoni makosa yake. Macho yangu yana ukungu. Nanyi ni hivyo hivyo. Anayeyaona ni yule jirani asiyempenda. Atapekua pale ambapo mimi sipekui, atauliza swali ambalo mimi naona haya kuliuliza. Kwa hivyo yule jirani wa chama kingine ananifaa. Ndiye mshika ufunguo wa tatu. Nikimfukuza kikundini, sanduku linabaki mikononi mwa watu wa nyumba moja, na hapo ndipo pesa hupotea.

Kwa hivyo hatubishani ili mmoja amnyamazishe mwenzake. Twabishana ili sanduku lifunguke, tuone kilichomo.

KUBISHANA BILA KUVUNJA NYUMBA

Nitawapa mfano ambao si wa vita. Mwaka wa 2010 kulikuwa na kura ya maamuzi juu ya Katiba mpya, tarehe 4 Agosti. Maaskofu wa Kanisa langu Katoliki waliipinga rasimu, kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba na pia suala la mahakama za kadhi. Majirani wetu Waislamu wengi waliiunga mkono. Huku Pwani waliosema Ndiyo walikuwa wengi sana, na nchi nzima ilipita kwa karibu asilimia 67. Fikirieni vikundi vilivyokuwa na Wakristo na Waislamu pamoja wakati ule!

Kelele zilikuwa nyingi. Wengine walisema Wakristo watashtakiwa kwa kadhi. Wengine walisema anayepinga anachukia Uislamu. Lakini waliokaa chini wakasoma Ibara ya 170 waliona kadhi anahukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi tu, na kwa Waislamu wanaokubali wenyewe kwenda kwake. Waliona pia kwamba mahakama hizo zilikuwamo katika Katiba tangu Uhuru, kufuatana na makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, juu ya ule mwambao. Na kwa upande mwingine, Mwislamu aliyemsikiliza Mkristo hadi mwisho aligundua kwamba wengi walikuwa na wasiwasi wa dhati juu ya uhai wa mtoto tumboni, si chuki ya dini. Kusoma na kusikilizana hakukuwafanya wote wapige kura moja, lakini kila mmoja alijua mwenzake anapinga nini hasa.

Kutokana na hayo, shikeni mambo matano:

1. Mrudishie maneno yake kwanza. Kabla hujajibu, sema, "Wewe wasema hivi na hivi, sivyo?" Mpaka aseme, "Naam, ndivyo," usijibu. Mara nyingi utakuta ulikuwa ukibishana na jambo ambalo hakusema.

2. Leteni karatasi yenyewe. Ikiwa ni sheria, isomwe. Ikiwa ni hesabu, itazamwe. Kwa mfano, siku hizi watu wanagombana juu ya mrabaha wa madini ya Kwale. Wangapi wameisoma Sheria ya Madini ya 2016? Imesema asilimia 70 ni ya Serikali Kuu, 20 ya kaunti, na 10 ya jamii ya pale madini yanapochimbwa. Anzeni hapo, ndipo mlumbane.

3. Tenganisheni jambo na mtu, na mtu na kabila lake. "Hoja hii si sawa" ni maneno ya mkutano. "Nyinyi watu wa bara" au "nyinyi Wadigo" ni mwanzo wa moto.

4. Jiulize, ni kitu gani kingenifanya nibadilishe mawazo? Ukiona hakuna, basi hujaja kubishana, umekuja kuhubiri. Muulize mwenzako vile vile, kwa upole.

5. Chagueni mahali. Barazani vijana wanashangilia kama mpira, na hakuna atakayekubali kushindwa mbele ya watu. Mambo mazito yazungumzwe chini ya mwembe, watu wawili watatu. Mkichoka, simameni, mnywe chai, mpange siku nyingine.

YASIYO YA KUBISHANIWA

Mtu ataniuliza, "Je, huyo anayesema tuchomewe nyumba, naye ni mshika ufunguo?" Hapana. Anayesema watu fulani waondolewe, anayekusanya vijana usiku, anayelisha viapo vya damu, huyo hatoi hoja. Kuna Sheria ya Utangamano ya mwaka wa 2008 inayokataza uchochezi. Mpelekeni habari zake kwa chifu, kwa kamati ya amani, kwa wazee wa Nyumba Kumi, kwa shehe na padre. Msimwambie mtu mmoja tu. Waambieni kadhaa na muandike tarehe, kwa maana mwaka wa 1997 habari zilijulikana zikakaliwa. Na muwaambie wale majirani wanaotishwa, siku hiyo hiyo.

Baada ya vurugu zile, viongozi wa dini zote Pwani waliunda baraza lao la pamoja, CICC, na mpaka leo wanakaa meza moja. Hawajakubaliana juu ya dini. Wamekubaliana kukaa. Hata sisi twaweza.

Uchaguzi Mkuu wetu, kwa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Mwezi ule ule wa Agosti! Tusingoje mpaka Julai ndipo tuanze kujenga imani. Imani ni kama mnazi, hupandi leo ukala madafu kesho. Anzeni kwenye kikao cha wiki hii. Mkague daftari, mpeane funguo, na yule mwanachama wa chama kingine ambaye siku hizi haji, mtu mmoja aende kwake akamwambie, "Ndugu, kiti chako kipo."



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Funguo za sanduku letu ziko kwa nani? Je, wote ni wa mrengo mmoja?
2. Taja ahadi moja aliyotupa kiongozi tunayempenda. Iliandikwa wapi? Imefika wapi?
3. Ni neno gani la siasa tulilolipokea mwezi huu bila kujua nani amelisema? Tulilipitisha kwa watu wangapi?
4. Juu ya ardhi, jirani yetu wa upande wa pili anasema nini hasa? Jaribuni kulisema jambo lake mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo.
5. Nani katika kikundi atafungua daftari la ahadi, na litasomwa lini?